Kuku Alitangulia Kupona

Ndugu yangu sikumsamehe, na sitaki mtu anibembeleze nimsamehe. Nayaandika haya nikiwa na akili zangu timamu, nimeshiba, sina homa. Watu wa hapa Kisarawe wakimwona anapanda mlima na mguu wake ule mfupi husema maskini, kisha hunigeukia mimi, wanataka kuona kama nitafuta machozi. Wangoje.

Kazi yangu ni kuunga mifupa. Nilifundishwa na baba, ambaye watu walimjia kutoka Maneromango mpaka Mlandizi, wengine wakibebwa juu ya vitanda vya kamba. Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu alinizaa mimi peke yangu, na mke wa pili akamzaa huyo ndugu yangu, niliyemzidi miaka sita. Baba alitaka kutufundisha sote. Alikuwa anavunja chungu kibovu, anavitia vigae ndani ya gunia pamoja na mchanga, anafunga mdomo wa gunia na kuacha nafasi ya mikono tu. Kazi yako ilikuwa kuingiza mikono na kukirudisha chungu bila kukiona, kigae kwa kigae, mpaka useme kiko sawa na yeye aingize mkono wake kuhakikisha. Mimi niliweza kukaa hapo asubuhi nzima. Mwenzangu akipapasa kidogo tu alichomoa mkono akisema ameumwa na siafu. Baba aliacha kumwita, akampeleka shule, na alipomaliza akapata ukarani kwenye ghala la korosho huko Kibaha. Yeye alijua kalamu, mimi nilijua mifupa. Niliona tumegawana vizuri.

Kwetu mgonjwa wa mfupa haji mikono mitupu, huja na kuku, na kuku huyo si wa kuliwa. Mganga huanza na kuku. Humvunja mguu, akauunga kwa mabanzi madogo ya mwanzi na mafuta yaleyale atakayompaka mtu, ndipo amshike mgonjwa. Kuku hufungwa uani mbele ya macho ya mgonjwa. Siku atakayotembea bila kuchechemea ndiyo siku mgonjwa atakayoambiwa asimame. Mpaka siku hiyo kuku haliwi wala hauzwi, na akifa, watu wa mgonjwa wana haki ya kukuuliza kwa nini. Ni namna yetu ya kumbana mganga. Mtu anaweza kudanganya kwa mdomo, lakini hawezi kudanganya kwa mguu wa kuku.

Baba alifariki mwaka uliofuata baada ya watu kuhamishiwa vijijini, nami nikabaki na banda lake, na shangazi, yaani dada yake baba, ambaye hakuwa na mtoto na aliamua kuzeeka kwangu. Haukupita muda mrefu ikaja amri kwamba waganga wa kienyeji wote wawe na kibali cha afisa utamaduni. Asiye na kibali asimguse mtu. Niliipokea fomu yangu ikiwa ndani ya bahasha ya kaki. Ilitaka muhuri wa mwenyekiti wa kijiji, sahihi ya balozi wa nyumba kumi, na dole gumba la wagonjwa watatu waliopona. Hayo yote niliyapata ndani ya wiki moja, kwa sababu nani angeninyima? Mwenyekiti mwenyewe mkono wa mtoto wake niliuunga mimi. Kilichobaki ni mstari mmoja chini kabisa, jina la mwombaji, aliandike kwa mkono wake mwenyewe mbele ya afisa.

Mstari huo ulinishinda miaka miwili.

Sikuwa mvivu, mtu asije akaniita mvivu. Nilikuwa nimesoma elimu ya watu wazima, jioni, tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigonga kidevu, na kuandika nilijua. Lakini herufi zangu zililala upande, nyingine kubwa nyingine ndogo, na jina langu ni refu. Kila nilipofikiria kukaa mbele ya kijana wa ofisini aliyevaa saa, mimi ninayeamkiwa na wilaya nzima, nikaanza kuchora jina langu huku yeye anangoja, mwili wote ulitoka jasho. Basi nikaiweka bahasha ndani ya kasha la kanga, nikasema kesho. Kesho ikifika nilikumbuka kwamba mabanzi yamekwisha, nikaenda kukata mwanzi. Keshokutwa mafuta ya ufuta yalihitaji kuchujwa. Wiki iliyofuata uwanja ulikuwa mchafu. Nilifagia uwanja ule, jamani, mpaka udongo ukaisha. Panya wakala kona moja ya bahasha na mimi nikafurahi kimoyomoyo, nikidhani labda wataimaliza. Shangazi alikuwa akinitazama tu, kisha anasema hicho kiporo nimekilaza mno, kitachacha. Nilikuwa namjibu kwamba hawezi kuelewa mambo ya ofisi.

Siku ya Idi ndugu yangu alikuja kutusalimia kutoka Kibaha, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Shangazi hakuweza kuzuia ulimi, akamweleza habari ya fomu. Nilidhani atanicheka. Hakucheka. Aliiomba, akaisoma juu mpaka chini, akaona muhuri, akaona sahihi, akaona madole, akaona mstari mtupu. Akaniuliza kwa upole kwa nini nahangaika, ilhali ofisi za mkoa zimeshahamia Kibaha, hatua chache kutoka anapofanya kazi, na maafisa wote anawafahamu.

"Nipe mimi, dada," akasema. "Kesho asubuhi nitakuwa nimeshaifikisha."

Nilimpa. Wallahi nilimpa kwa mikono miwili. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Nikaingia jikoni nikampikia wali wa nazi, kwa mchele niliokuwa nimeuficha kwa ajili ya hitima ya baba, na yeye akala, akaongeza, akalamba vidole. Huo wali ndio ninaoukumbuka kuliko vyote. Aliyonitenda mengine ningeweza kuyaeleza kwa utulivu, lakini vile alivyolamba vidole vinanitia hasira mpaka leo.

Miezi mitatu ikapita kimya. Kisha mtu aliyetoka Kibaha akaniambia ameona kibao kikubwa kando ya barabara ya Morogoro, kimeandikwa kwa rangi nyekundu, Mganga wa Mifupa, Mrithi wa Baba Yake, Ana Kibali. Nilicheka. Nilidhani kuna mtu mwingine. Siku ya pili mwenyekiti wa kijiji akaja kwangu akiwa ameshika kofia mkononi, hakuitazama sura yangu hata mara moja, akasema uganga wa marehemu umeshapewa kibali, na kibali ni kimoja kwa uganga mmoja, na kimetoka kwa jina la ndugu yangu. Mimi sina ruhusa tena ya kumshika mtu. Aliona haya sana, na sikumlaumu. Muhuri uliokuwa kwenye fomu ile alikuwa amenipigia mimi. Madole gumba yalikuwa ya watu niliowaunga mimi. Jina tu ndilo lililokuwa la mwizi, na nafasi ya kuliandika nilimwachia mwenyewe.

Nataka nieleze vizuri nilivyojisikia, maana watu wanapenda kudhani wanawake wa pwani tukiudhiwa tunalia halafu tunanyamaza. Sikulia. Nilikaa kwenye kizingiti cha banda, mikono imelala mapajani, na nilimchukia mpaka meno yakauma. Nilimchukia yeye mara moja na nikajichukia mimi mara mbili. Ndani ya banda kulikuwa na mama mmoja aliyevunjika mtulinga, mfupa wa juu ya kifua. Nilimwambia shangazi amweleze aende kwingine, kwa sababu mimi nisingeweza kumwambia mwenyewe. Kuku wake alibaki uani siku mbili zaidi mpaka mume akaja kumchukua.

Miezi minane sikumshika mtu. Watu waliovunjika walipitishwa mbele ya mlango wangu wakiteremshwa kwenda Kibaha kwa yule bwana, nami nikiwa nimesimama na ufagio. Asubuhi moja katika miezi hiyo niliapa. Sikuapa kwa sauti. Nilichukua banzi moja jipya la mwanzi, nikachukua kisu, nikachora jina langu juu yake. Lilitoka baya, limepinda. Nikachukua la pili. Nikajiambia kwamba kuanzia siku hiyo sitakunywa chai kabla sijachora jina langu mara kumi, na kwamba jambo lolote la karatasi likiingia nyumbani kwangu litafanywa siku hiyohiyo, kwa sababu karatasi nayo ni mfupa. Siku ya kwanza mfupa unatii. Siku ya tatu nyama imevimba, lakini mwenye mkono mzuri bado ataurudisha. Siku ya tisa umeanza kujishikia wenyewe popote ulipo, na hapo utaunga utakavyo, hautakuwa ule wa zamani. Nilikuwa najua hilo tangu utoto, na nilimfanyia kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe.

Sukari ilikuwa ya shida siku hizo, chai yenyewe ilikuwa chungu, lakini sikuionja kabla ya majina kumi. Kila nilipoanza kujivuta, nilipoanza kusema ngoja kwanza niteke maji, nilimkumbuka anavyolamba vidole, na kisu kikaingia kwenye mwanzi chenyewe. Shangazi aliona rundo la mabanzi yenye jina langu likiongezeka hata tukakosa pa kukaa, akasema sasa nimepata wazimu. Nikamwambia nimepona. Nasikia watu siku hizi wanashauriana jinsi ya kuacha tabia ya kesho kesho, wengine wanamwomba Mungu, wengine wanapangiana ratiba. Mimi dawa yangu ilikuwa chuki. Inafanya kazi vizuri na haina gharama.

Kisha akaja mtu wa Soga. Alipanda treni mpaka Pugu na mlima akaupanda kwa miguu, mkono wake wa kushoto umekauka umepinda nje kama mpini wa jembe bovu. Hakuja kutibiwa, alijua ni kazi iliyokwisha haribika. Alikuja kuniuliza, mimi mtoto wa marehemu, kama mila ya kuku imebadilika. Akasimulia kwamba alivunjika mkono, akapelekwa kwa mrithi mwenye kibao, na jogoo wake mwekundu. Jogoo akachukuliwa nyuma ya nyumba. Alipokwenda mara ya pili akamuulizia jogoo, mke wa mganga akasema amekimbia. Jogoo aliyevunjwa mguu amekimbia! Akaenda kuchungulia jalalani, akayakuta manyoya mekundu.

Hapo ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane, nikacheka mpaka mgeni akaogopa. Ndugu yangu alikuwa anawala kuku. Mwana wa baba yangu, aliyekuzwa katika ule uwanja, alikuwa anachukua kipimo cha mgonjwa anakitia kwenye mchuzi. Nilimpa mgeni maji, nikamwomba aniambie majina ya wengine waliotibiwa huko. Sikusema kesho. Siku ileile nilifunga kanga mbili kwenye kikapu, na alfajiri nikashuka naye Pugu tukapanda treni kwenda Soga. Nilizunguka vijiji vile siku nne kwa miguu. Niliwapata watu saba, mikono na miguu imeungwa ovyo, na kila mmoja na hadithi ya kuku wake. Mmoja aliambiwa kuku amechukuliwa na kicheche, mwingine kwamba uganga huu ni wa kisasa, kuku hahitaji kukaa. Barua niliiandika mwenyewe kwa penseli juu ya gunia la mihogo, herufi zimelala, na wote saba wakaweka dole gumba. Siku ya tano nilikuwa Kibaha mbele ya afisa.

Afisa alikuwa kijana kama nilivyomwogopa, na saa alikuwa nayo. Aliisoma barua mpaka mwisho, akamtuma mtu akamwite ndugu yangu. Akaja, kanzu ileile ya pasi. Akaniamkia, shikamoo dada, mbele ya watu, na mimi nikaitikia marahaba kwa sababu nilitaka asikie sauti yangu haitetemeki. Alipoulizwa kuhusu kuku, hakubabaika hata kidogo. Alisema mambo ya kuvunja miguu ya kuku ni ushirikina, taifa linajenga watu wapya, na yeye ameuleta uganga wa marehemu kwenye wakati wa sasa. Alisema vizuri kweli. Nilimwona afisa anaitikia kwa kichwa taratibu, akikubaliana naye.

Sasa, mimi sikuja na barua tu. Kwenye kikapu, chini ya kanga, nilikuwa na gunia la baba lenye mchanga, na chungu nilichokivunja asubuhi ile mbele ya wale watu wa Soga. Nikaliweka mezani. Nikamwomba afisa amwambie mrithi arudishe chungu kile bila kuangalia, kama baba alivyotufundisha, na kama hicho nacho ni ushirikina basi mimi nitaondoka na sitarudi. Ndugu yangu alilitazama gunia lile. Alilijua. Aliingiza mikono, mchanga ukamwagika kwenye kanzu, akapapasa, akapapasa. Alipochomoa, afisa alifungua mdomo wa gunia akaona vigae vimelala kama nilivyovitia. Nikaingiza yangu. Sikuharakisha. Nilikuwa namtazama usoni muda wote mikono ikifanya kazi, na yeye akitazama ukutani, mpaka nikasema tayari. Afisa akafungua na kukuta chungu kimesimama, kimeshikwa na mchanga, na mdomo wake mviringo.

Ilibaki fomu mpya. Afisa alijaza mwenyewe yote ya juu, akaigeuza kunielekea, akanipa kalamu ya wino. "Haya, mama," akasema, "andika jina lako hapo chini."

Niliandika. Herufi zililala upande, zote, lakini zililala pamoja. Nilichukua muda na yeye akangoja, na wala hakuitazama saa yake. Miaka miwili nilimwogopa mtu huyu, na kumbe alikuwa na subira kuliko shangazi yangu. Nilipoinua kichwa ndugu yangu alikuwa ameshaondoka. Wiki ile kibao kiling'olewa. Nasikia mkewe alikifanya mlango wa banda la mbuzi.

Wengi wangetaka niishie hapo, haki imepatikana, tuwashe udi. Lakini nilisema mwanzoni kwamba sikumsamehe.

Mimi nilirudi kwenye banda nikafanya kazi, na karatasi zangu zikawa mfano wa wilaya. Kibali kikikaribia kuisha nilikuwa ofisini mwezi mmoja kabla. Kila mgonjwa niliandika kwenye daftari siku aliyoingia, mfupa gani, kuku wa rangi gani. Ndugu yangu alirudi kwenye korosho. Hakuniomba radhi, wala hakutuma mtu. Idi tatu hazikumleta. Idi ya nne ilikuwa haijafika, alipoletwa kwa gari la mizigo, amelazwa juu ya magunia, mguu wa kulia umevunjika chini ya goti. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye lori la korosho. Mkewe alikuwa ameshika kuku kwapani, tetea mweupe mnene.

Watu waliomleta walimweka kwenye kitanda cha kamba bandani. Alikuwa amesawijika, midomo mikavu. Nikamuuliza mbona amekuja mbali hivi na Kibaha kuna madaktari. Akasema, na shangazi alikuwa amesimama mlangoni anasikia, "Nimekuja kwako kwa sababu mkono wa baba uko kwako."

Maneno hayo niliyangoja tangu utoto wangu, na yalipokuja yalinikuta nimeshapoa. Niliupapasa mguu wake. Ulikuwa mfupa mwepesi, umevunjika safi, ungeingia mahali pake kabla uji haujachemka. Nilijua. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaupata. Nikaviondoa.

"Barua ya utambulisho iko wapi?" nikamuuliza.

Hakunielewa. Nikamweleza kwa upole, upole uleule wa siku ya Idi, kwamba siku hizi mimi ni mtu wa kibali na nina utaratibu. Mgonjwa anayetoka nje ya wilaya sharti aje na barua ya balozi wake na muhuri wa mwenyekiti wake, vinginevyo nitafungiwa, na yeye anajua vizuri mtu anavyoweza kunyang'anywa uganga kwa sababu ya karatasi. Mkewe akasema ataileta. Nikasema sawa, hata kesho.

Mtu aliyeishi miaka ile hahitaji kuambiwa barua ya balozi ilichukua muda gani. Mkewe alishuka mpaka mjini, akapanda basi la Kibaha, akakuta balozi amekwenda msibani Mlandizi. Balozi aliporudi, mwenyekiti alikuwa mkutanoni. Mwenyekiti alipopatikana, kabati la muhuri lilikuwa limefungwa na funguo ziko kwa katibu. Nilikuwa nayajua yote hayo nilipomtuma. Wakati huo ndugu yangu alilala bandani kwangu, nikampa uji, nikampaka mafuta ya ufuta juu ya uvimbe, nikamfukuzia nzi. Kila asubuhi aliuliza kama mkewe amefika. Kila asubuhi niliketi mbele yake nikachora jina langu kwenye mabanzi, mara kumi, ndipo nikanywa chai.

Lakini kuku nilimshughulikia siku ileile. Kuku hahitaji barua. Nilimvunja mguu mbele ya ndugu yangu, nikauunga kwa mabanzi mawili mazuri, nikamfunga hapo uani anapomwona. Shangazi alivumilia mpaka siku ya tano. Akanifuata nilikokuwa nikichuja mafuta, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yule ni mtoto wa kaka yake na mimi pia ni mtoto wa kaka yake, na kwamba amemuona baba yangu akiunga watu mwaka wa njaa, watu asiowajua hata kabila. Nikamjibu kwamba kibali kinasema hivyo. Shangazi hakujua kusoma. Akaenda kukaa karibu na yule mgonjwa, akampepea kwa ungo mpaka jioni, na siku zile zilizobaki hakuzungumza nami isipokuwa kuitikia salamu.

Barua ilifika siku ya tisa. Niliipokea, nikaisoma yote, nikaibandika kwenye daftari. Kisha nikaukamata mguu wa ndugu yangu nikauunga kwa ufundi wangu wote, nasema kweli, sikubakiza kitu, nilitoka jasho na yeye akapiga kelele. Lakini mfupa ulikuwa umeshaamua.

Wiki ya tatu tetea mweupe alikuwa anatembea uani, anachakura, mguu umenyooka kabisa. Majirani walikuja kumtazama kama ilivyo desturi, wakasifu. Nikamwambia ndugu yangu asimame, kuku amepona. Akasimama. Alipiga hatua moja, akapiga ya pili, na kila mtu uani akaona anavyoinama upande wa kulia, na kila mtu akamtazama kuku, kisha akanitazama mimi. Kipimo changu kilikuwa kinapita hapo kinadonoa mtama. Hakuna aliyeweza kusema mkono wangu ulikosea.

Shangazi alifariki miaka michache baadaye. Ndugu yangu alikuja hitimani, na kabla sijamwona nilimjua kwa hatua zake, moja nzito, moja nyepesi, zikipanda mlima. Watu walipotawanyika akaja kuketi karibu nami jamvini, mguu wake ameunyoosha mbele, mvi zimemjaa kidevuni. Chakula kilikuwa wali wa nazi, na sikumtazama alipokuwa anakula.

"Dada," akasema, "kile kibali chako. Kweli kilikuwa kinasema mgonjwa wa nje alete barua?"

Aliuliza taratibu, bila ugomvi. Nadhani alitaka tu kujua kabla na yeye hajafa. Mtu mwingine angemjibu.

"Kesho nitakitafuta nikusomee," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa, akajiinua kwa fimbo yake, akaaga. Kibali kimo ndani ya kasha, juu kabisa ya kanga, nakifikia hata nikifumba macho. Kina mistari kumi na miwili, nimeisoma yote mara nyingi, na hakuna hata mmoja unaotaja barua.